Soma lebo kabla ya kuamini ramani

Ukitaka kujua ua fulani la nyika linaota wapi, siku hizi unaingia GBIF, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za viumbe, unaandika jina, na ramani inakujia imejaa nukta. Ushauri wangu: iache ramani kwanza. Fungua picha ya kielelezo chenyewe, yaani mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, usome lebo.

Mimi hufanya hivyo kwa Ammocharis tinneana, mmea wa tunguu unaopatikana kuanzia Sudani na Ethiopia, Kenya na Tanzania, hadi Namibia. Kiangazi huuoni. Tunguu limejificha ardhini, na mvua ikinyesha ndipo ua huchomoza, nalo halikai. Nani atakusanya asichokiona? Ndiyo maana tarehe za lebo hurundikana kwenye misimu ya mvua, na vielelezo vingi hutoka kandokando ya barabara. Ukiona pengo kwenye ramani, usikimbilie kusema huku halipo. Uliza kwanza kama kuna aliyewahi kupita huko wakati wa mvua, tena akiwa na karatasi za kukaushia.

Rangi nayo ina mtego wake. Maua haya hufunguka meupe au ya waridi hafifu, kisha yanakolea wekundu kadiri yanavyozeeka. Lebo moja ikisema meupe na nyingine mekundu, huenda wakusanyaji wote wawili waliona mmea uleule, mmoja akachelewa kidogo. Kwenye karatasi kila kitu kimeshageuka kahawia, kwa hiyo neno la mkusanyaji ndilo tegemeo lako. Tazama na majani: hulala chini yakiwa yametandazwa pande mbili kama kipepeo, na mengi ncha zake zimekatika, kwa kuwa jani la msimu uliopita huendelea kukua kutokea kwenye tunguu. Kielelezo cha maua matupu, bila majani, mimi sikiamini haraka. Crinum, jenasi nyingine ya mimea ya tunguu, inafanana nao mno.

Tafuta pia kwa jina la zamani. Kotschy na Peyritsch waliuita Crinum tinneanum mwaka 1867, na ilikuwa 1939 Milne-Redhead na Schweickerdt walipouhamishia kwenye Ammocharis.

Kuhusu idadi, usihesabu rekodi, hesabu makusanyo. Mmea uliochumwa siku moja na mtu mmoja unaweza kuwa na karatasi moja kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Nairobi, yenye kifupi EA, na nyingine ya Kew, Uingereza (K), zikaonekana kama rekodi mbili. Jina la mkusanyaji na nambari yake ndivyo vitakavyoufichua udanganyifu huo.

Halafu latitudo na longitudo. Lebo za zamani hazikuwa nazo. Mtu alikadiria baadaye kutokana na jina la mahali, hivyo nukta iliyo katikati ya mji haina maana kwamba ua lilichumwa sokoni. Zile za sifuri kwa sifuri, zinazoangukia baharini kwenye Ghuba ya Guinea, zifute tu.

Kwa baadhi ya mimea ya tunguu, mahali kamili hufichwa makusudi kwa sababu ya wachimbaji wa kuuza. Ukipahitaji kwa kazi ya kweli, mwandikie mhifadhi wa hebaria, umtajie jina la mmea, mkusanyaji na nambari, na umweleze unachotaka kufanya.