Maswali ya Wasomaji: Kilele Kimejificha Vichakani

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu kutoka Usa River. Nyuma ya shamba aliloliacha marehemu baba yangu kuna kilima kidogo ambacho tumekitazama tangu utotoni, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukipanda hadi mwisho, kwa sababu huko juu kumezibwa na lantana, migunga na nyasi zinazofika kifuani. Januari mwaka huu nilipanda na mpwa wangu. Tulipofika juu hatukuona mahali pa kusema kwamba hapa ndipo. Kuna rundo la mawe chini ya mgunga mkubwa, na hatua kama sitini kutoka hapo, ng'ambo ya kichaka, kuna kisiki cha saruji chenye chuma katikati. Mpwa wangu anashikilia kwamba kilele ni kwenye saruji, kwa kuwa serikali haiwezi kuweka alama mahali pa ovyo. Mimi naona ni kwenye mgunga. Simu yake ilitupa mita 1,263 kwenye mawe na mita 1,257 kwenye saruji, nami nikajiona nimeshinda, lakini tuliporudi kwenye mawe ikasema 1,252. Tumalizeje ubishi huu?
Msomaji, Usa River

JIBU: Ndugu yangu wa Usa River, tuanze na simu ili tuirudishe mfukoni mapema. Setilaiti ambazo simu huzitegemea ziko juu yetu zote, hakuna hata moja iliyo chini ya miguu yetu, na kwa sababu hiyo simu hukosea zaidi katika kimo kuliko inavyokosea katika kuonyesha mahali ulipo kwenye ramani. Ukisimama chini ya matawi ya mgunga, kosa hilo linaongezeka, kwa hiyo tofauti ya mita kumi kati ya kipimo na kipimo haipaswi kukushangaza. Zaidi ya hayo, zipo programu ambazo hazihesabu kimo kutoka usawa wa bahari bali kutoka kwenye umbo la dunia lililokokotolewa kihesabu, na katika ukanda wetu wa Meru na Kilimanjaro viwili hivyo vinapishana kwa zaidi ya mita 10. Hata Kibo chenyewe kimesumbua watu: zile mita 5,895 tulizozikariri shuleni zinatokana na upimaji wa mwaka 1952, na upimaji wa setilaiti wa mwaka 1999 ulileta 5,892. Ikiwa wataalamu wenye vyombo vya thamani wamepishana kwa mita tatu, simu ya mpwa wako haina la kujibu. Saa za mkononi zinazokadiria kimo kwa mgandamizo wa hewa nazo zina tabia yake, kwa maana katika nchi za joto kama yetu mgandamizo hupanda kila siku hadi kama saa nne asubuhi na kushuka hadi kama saa kumi jioni, na saa uliyoiacha juu ya jiwe lile lile itakuambia jioni kwamba jiwe limepanda kwa mita ishirini hivi.

Kuhusu kisiki cha saruji, mpwa wako anawaheshimu wapimaji, na hilo ni jema, ila hoja yake haisimami. Bikoni ya mpaka, yaani alama ya saruji kama hiyo yenu, huwekwa kwenye kona ya kipande cha ardhi, popote kona hiyo itakapoangukia, iwe mtoni au mlimani. Nguzo za upimaji mkuu, zile za kupimia nchi nzima, ndizo huwekwa juu ya vilima, lakini hata hizo mpimaji alizichagulia mahali panapoonana na nguzo nyingine za mbali, na pengine palikuwa hatua kadhaa kutoka penye kimo kikubwa zaidi. Kwa hiyo bikoni haithibitishi kilele. Msiing'oe wala kuikwangua, kwa sababu kuharibu alama ya upimaji ni kosa la jinai.

Sasa tuje kwenye kilima chenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea kabla hawajainua mguu. Vilima vya upande wenu si vya aina moja. Kuna vile vilivyojengwa na volkano ndogo zilizofumuka pembeni mwa volkano kubwa, na ndivyo vyenye umbo la pia iliyokatwa ncha, wakati mwingine na shimo katikati. Ziwa Duluti la pale Tengeru limekaa ndani ya shimo la namna hiyo. Kuna pia vile vinavyoonekana upande wa mashariki wa Mlima Meru, kuelekea Momella, ambavyo ni mafungu ya mawe na udongo yaliyoachwa pale ubavu wa mashariki wa mlima ulipoporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Hivi vya pili havina mpangilio, na vinaweza kuwa na vinundu vitatu au vinne juu yake. Vile vya kwanza kilele chake kiko kwenye ukingo wa shimo, si katikati, na ukingo huo mara nyingi haulingani pande zote: upepo uliovuma siku za mlipuko ulirundika majivu na kokoto upande mmoja. Kwetu upepo mwingi hutoka mashariki, na ndio uliobeba majivu ya Oldoinyo Lengai hadi nyanda za Serengeti, kwa hiyo mimi nikikiona kilima chenye shimo huanza kuushuku ukingo wa magharibi.

Nimejifunza hilo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda kilima kimoja upande wa Moshi, karibu na barabara ya Himo, nikafika mahali ambapo ardhi ilishuka pande zote, nikakaa, nikala maandazi yangu na kuandika kwenye daftari kwamba nimekifikia kilele. Niliposhuka hadi kwenye mashamba ya mahindi na kugeuka nyuma, niliona ukingo wa pili, uliokuwa umefichwa na vichaka nyuma ya mgongo wangu, umeuzidi ule niliokalia kwa kimo cha nyumba nzima. Ardhi kushuka pande zote inathibitisha tu kwamba umesimama juu ya kinundu. Kwa hiyo kabla ya kupanda tena, zungukeni kilima kwa chini asubuhi, jua likiwa bado limeinama, mkikitazama kutoka pande tatu angalau, na mweke akilini mti mmoja unaotambulika karibu na kila nundu.

Kwa kumaliza ubishi, azimeni kwa fundi ujenzi ule mpira mwembamba unaoonyesha maji anaotumia kusawazisha msingi. Kifaa hiki hakihitaji kuona mbali, na ndiyo sababu nakipendelea porini kuliko chombo chochote cha darubini: maji hupita chini ya lantana bila kujali kama ninyi wawili mnaonana. Jazeni maji, mtoe mapovu yote ya hewa kwa kuinua ncha zote mbili na kuugonga mpira kwa kidole, kisha kila mmoja aifunge ncha yake kwenye fimbo iliyotiwa alama za sentimita. Mzibe ncha kwa dole gumba mnapotembea. Mkishasimamisha fimbo, mzifungue zote mbili na msubiri maji yatulie. Kama maji yanasimama sentimita 140 kutoka ardhini kwako na sentimita 95 kwa mpwa wako, yeye yuko juu yako kwa sentimita 45. Mpira wa mita 20 hautafika hatua sitini kwa mara moja, kwa hiyo mtakwenda kwa vipande: wa nyuma anahamia mbele, wa mbele anabaki pale pale bila kuisogeza fimbo, na kila tofauti inaandikwa kwenye karatasi. Fimbo isimame kwenye ardhi ya asili, si juu ya rundo la mawe, kwa maana mawe hayo yamepangwa na watu.

Jambo la ruhusa ni fupi. Ikiwa kilima kiko kwenye ardhi ya kijiji, inayosimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, naye atakuambia pia kama kuna mti wa mtini unaoheshimiwa huko juu, ule ambao Wamaasai huuita oreteti, au mizinga ya nyuki ya mtu.

SWALI: Sisi ni wanafunzi wanne wa Moshi na tunataka kupanda kilima chenye vichaka nje ya mji likizo ya Juni. Je, ni mwezi mzuri, na nyoka tufanyeje?
Wanafunzi, Moshi

JIBU: Juni inawezekana, lakini nyasi zilizokua wakati wa masika bado ni ndefu na asubuhi zina umande, kwa hiyo mtalowa hadi mapajani. Septemba ni afadhali, ng'ombe wakishapita na jua likishakausha, ingawa wakati huo maganda ya upupu nayo yamekauka na vinyweleo vyake hupeperuka. Vaeni mikono mirefu. Nyoka wa kumhofia zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii bali hulala kimya njiani akitegemea rangi yake. Vaeni buti, wa mbele apapase nyasi kwa fimbo, na msiingize mkono kwenye mwanya wa jiwe. Mtu akiumwa, asifungwe kamba wala asichanjwe kwa wembe: atulizwe, abebwe, apelekwe hospitali. Kwa sababu hiyo msipande bila mtu wa kijiji anayejua njia fupi ya kufika barabarani.