Mbwa Wengi, Washikaji Wawili: Bwana Mifugo Anajibu

Barua za mwezi huu zimekuja kwa mkumbo. Nilitazamia kupe na kuku wanaokohoa kama kawaida, kumbe wengi mnauliza habari za ofisini: nani kaajiriwa, nani kaachwa, petroli imekwenda wapi, na kwa nini simu hailii wala haipokewi. Haya. Nilikaa katika ofisi za mifugo za pwani hii mpaka mvi zikanitoka, na mengi mnayoyalalamikia nayajua kwa sababu mengine niliyafanya mwenyewe.

Shikamoo Ami. Nashika mbwa koko hapa Malindi kwa kibarua, huu mwaka wa pili. Twalipwa kwa siku na glavu twajinunulia. Mwezi uliopita mbwa aliniuma kidole, msimamizi akaniambia nipake spiriti nirudi kazini. Nifanyeje? – Kibarua, Malindi

Marahaba mwanangu. Kidole kwanza, kazi baadaye. Kama hukwenda hospitali siku ile, nenda leo. Kichaa cha mbwa chaweza kulala mwilini wiki kadhaa, hata miezi, bila dalili yoyote, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Kwa hiyo usijiambie kwamba mwezi umepita na wewe mzima basi yamekwisha. Utachomwa sindano kwa ratiba, kwa kawaida siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na ya 14, na hospitali nyingine huongeza ya 28. Usiruke hata moja kwa sababu ya zamu. Daktari atakuuliza pia habari za mbwa mwenyewe. Mbwa aliyefungwa akatazamwa siku 10 akabaki mzima hakukuambukiza kwa jino lile, lakini nadhani nyinyi mlimmaliza siku ile ile, na jibu likaenda naye. Siku nyingine ukiumwa, kabla ya kufikiria spiriti, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Tazama saa, dakika 15 bombani ni ndefu kuliko unavyofikiri.

Sasa kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kwisha chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anahesabiwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na haki zake zinafuata. Mimi sijasikia mji ambao mbwa koko waliisha kwa miezi mitatu. Tatizo lako litakuwa ushahidi, maana vibarua wengi hawana hata karatasi. Nunua daftari la shilingi chache, andika kila siku uliyofanya kazi, mtaa mliokwenda, na jina la aliyewatuma. Jumbe za malipo zilizomo kwenye simu usizifute.

Glavu si zako kununua. Sheria ya usalama na afya kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Na kuumwa na mbwa ukiwa kazini ni ajali ya kazini: mjulishe mwajiri kwa maandishi, naye akishapata habari anatakiwa kuiripoti serikalini ndani ya siku 7. Weka nakala yako.

Kwa huyo msimamizi, kama anasoma: mshika mbwa huchanjwa kabla hajashika mbwa. Sindano mbili tu, siku ya kwanza na ya 7. Akija kuumwa baadaye atahitaji sindano chache, bila ile dawa ghali ya kuchomwa kwenye jeraha. Ni nafuu hata kwa bajeti yako, ukiachilia mbali roho ya mtoto wa watu.

Dokta, mimi ni kijana niliyehitimu udaktari wa mifugo Kabete, nimepangiwa Lamu. Niko peke yangu kwa visiwa vyote. Mashua ipo, petroli hakuna. Mkubwa wangu yuko Mokowe na kila Ijumaa ataka ripoti. Chanjo ya mbwa na paka kule Faza imekwama tangu mwaka jana. Nimechoka. – Kijana wa ofisini

Pole, mwanangu, na karibu kwenye kazi. Wazee waliokutangulia walikuwa wengi ofisi moja, kwa sababu zamani aliyehitimu udaktari wa mifugo alipokewa na serikali moja kwa moja. Utaratibu huo ulikatika mwishoni mwa miaka ya 1980. Ugatuzi, yaani madaraka kushushwa kwa kaunti, ulipokuja mwaka 2013 kaunti zikarithi maafisa ambao wengi walikuwa karibu kustaafu, na kila anayefika miaka 60 huondoka na kiti chake. Ukiomba mwenzako utaambiwa habari ya kikomo cha mishahara: kwa kanuni za fedha za 2015, mishahara ya kaunti isipite asilimia 35 ya mapato yake yote. Hicho ni kikomo cha kweli, hawakudanganyi. Lakini kuna namna ya kuomba. Usiombe nafasi mpya. Omba kujazwa nafasi ya aliyestaafu, ambayo mshahara wake ulikuwa tayari kwenye hesabu, na utaje cheo chake na mwezi alioondoka. Na usiombe daktari kama kazi ni ya kuchanja. Omba msaidizi wa afya ya mifugo mwenye cheti aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Analipwa chini ya daktari na kwa kuchanja anatosha kabisa, ukimsimamia.

Petroli nayo mara nyingi hukosekana kwa sababu haikuandikwa mahali pake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mlango hufungwa zamani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Anayeanza kulia mwezi wa Mei anawalilia watu waliokwisha kugawana. Tena usiandike “usafiri”. Neno hilo humezwa na safari za wakubwa kwenda warshani. Andika: Lamu hadi Faza na kurudi, lita kadhaa, mara kadhaa, kuchanja wanyama kadhaa. Anayekata lita zako ajue anakata Faza.

Halafu panga kwa bahari, usipange kwa kalenda ya Mokowe. Kazi ya Faza na Kizingitini iwekwe wakati wa kaskazi. Ukiipeleka kwenye kusi iliyochacha utapoteza siku na utapoteza mafuta. Muulize nahodha maji ya mkondo wa Mkanda kabla hujawatangazia watu saa, maana maji yakitoka mtakaa mkisubiri, na watu wa kule wakishakuja bure mara moja hawaji ya pili. Chanjo inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Barafu ya wavuvi inafaa, ila usiilaze chupa juu ya barafu yenyewe: chanjo ya kichaa cha mbwa ikiganda imeharibika, na kwa macho hutaijua. Tandika kitambaa kinene katikati, utie na kipimajoto.

Kuhusu ripoti za Ijumaa: mwandikie mkubwa wako kwa adabu kwamba unaomba ripoti moja ya mwezi, ukurasa mmoja, na siku ya Ijumaa uitumie kwenye kazi yenyewe vijijini, kama Matondoni au Kipungani. Akikataa, endelea kumpa. Ila kila ripoti ianze kwa mstari ule ule: safari zilizopangwa, safari zilizofanyika, sababu ya pengo. Baada ya miezi sita mstari huo utakuwa umesema maneno ambayo wewe huwezi kumwambia usoni.

Mbwa wanawakimbiza wageni wangu ufukweni. Zamani manispaa ilitega sumu na mji ukawa safi. Hawa wa siku hizi kazi yao nini? – Mwenye hoteli, Malindi

Bwana mkubwa, hiyo sumu nimewahi kuitega. Sitaitaja manispaa. Tulikuwa watu watano na gari moja, tukatoka saa tisa usiku na nyama iliyotiwa dawa, na asubuhi tukahesabu mizoga. Hesabu ile iliandikwa kwenye ripoti, mkubwa wetu akasifiwa, sisi tukapewa chai. Mwaka uliofuata tukaua karibu idadi ile ile, na wa tatu vile vile. Hakuna aliyeuliza: kama tulikuwa tunawamaliza, hawa wanatoka wapi? Na hakuna aliyekwenda hospitali kuuliza watu wangapi waliumwa mwaka ule, kwa sababu hicho si kitu tulichopimwa nacho. Siku moja tuliua mbwa wa mwalimu mmoja, mwenye ukanda shingoni na cheti cha chanjo ndani ya nyumba. Alikuja nacho ofisini akakiweka mezani, hakusema neno. Bado nakiona.

Mbwa koko wanafuata taka. Ukiwaondoa na taka ukaiacha, wa mtaa wa pili wanahamia. Tena unapoua ovyo unawaua na waliochanjwa, wanaobaki mjini ni wageni wasio na kinga. Kinachouvunja ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo na kurudia. Hapo hata anayebaki barabarani anakuwa ukuta. Kwa hiyo ofisi yenu ipimwe kwa mbwa waliochanjwa na watu walioumwa. Wewe nawe angalia mapipa ya jikoni kwako yanamwagwa wapi. Siku niliyofuatilia malalamiko ya hoteli moja kama yako, mbwa tulowakuta nyuma ya jiko walikuwa wananona kuliko mimi.

Ami, punda wanarandaranda hapa Langoni, mjini Lamu, usiku na mchana, wanapasua mifuko ya taka, wanazaliana njiani. Kwa nini kaunti haiwafungi? – Mama wa Langoni

Dada yangu, kufunga ni rahisi. Kulisha ndiko kuna kazi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Kwa hiyo boma ni haki yenu kulidai. Lakini boma lisilo na mlinzi wa zamu ya usiku, majani na maji ni jela ya kuulia punda, na mwenye punda atakuja kumtoa kwa kuvunja ua. Mkidai boma, dai na watu wake.

Punda wengi unaowaona wana wenyewe. Asubuhi wanabeba mchanga na mawe kwa shogi, jioni wanaachiliwa wajitafutie. Mfuko wa plastiki ukimwingia tumboni anapata msokoto wa kumuua, na ingawa mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, plastiki nyingine bado iko kila kona. Kwa matibabu, pale ufukweni kuna hospitali ya punda ya The Donkey Sanctuary tangu 1987. Nasikia watu wakisema “hao wapo, kaunti ina haja gani?” Shirika linatibu. Halina mamlaka ya kumwita mwenye punda akaeleza kwa nini mnyama wake amelala mlangoni kwako. Hiyo ni kazi ya afisa wa kaunti, na asipokuwepo hakuna wa kuifanya.

Paka je? – Msomaji, Mkomani

Waacheni. Wahasiwe, wachanjwe, warudishwe walikotoka. Mji wa Amu, yaani Lamu, bila paka utauona uzuri wake siku panya watakapoujua.

Naongoza kitengo cha wanyama katika kaunti moja ya pwani. Mwakilishi wadi ameniletea mpwa wake nimpe kazi ya kushika mbwa. Kijana anaogopa mbwa. Nikikataa, bajeti yangu itapita kwake. – Msimamizi, jina limehifadhiwa

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Wewe huna uwezo wa kuajiri, na hilo ndilo litakalokuokoa. Kazi ya kaunti inatangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, watu wanaomba, wanahojiwa. Mwambie mheshimiwa kwa heshima zote kwamba kijana apeleke maombi huko, na kwamba kuna jaribio la kazi: kumtia mbwa kamba mbele ya watu. Usimtungie jaribio yeye peke yake. Liwe la kila anayeomba, liandikwe kwenye tangazo. Mara nyingi jambo huishia hapo, kijana mwenyewe akiwa wa kwanza kushukuru.

Akikutishia bajeti, mwombe aandike. Hataandika. Na wewe andika kwenye shajara yako tarehe na maneno, kwa sababu siku kijana asiyejua kazi atakapoumwa, jina litakalotafutwa ni lako.

Tumeandika barua tatu ofisi ya mifugo tujue lini watachanja mtaani kwetu. Kimya. – Wakazi wa Shela

Barua ya nne iandikwe hivi: “Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, twaomba ratiba ya chanjo na idadi ya maafisa waliopo.” Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita, lalamikeni kwa tume ya kitaifa ya malalamiko, ile watu huiita Ombudsman. Lakini mwulizeni kwanza yule kijana wa swali la pili. Huenda barua zenu tatu ziko mezani kwake, na yeye yuko gatini anatafuta lifti ya mashua.