Tazama ubavu kabla ya kashata: kwa dereva mpya wa gari la safari

Matairi mengi ninayoyaona yakitupwa kwenye gereji za magari ya utalii hapa Arusha bado yana kashata, yaani yale meno yanayokanyaga barabara. Ukiyapapasa juu, meno yanashika vizuri. Ukiyazungusha ndipo unaona ubavu umechanwa na jiwe, au umevimba, au kwa ndani mpira umesagika kuwa unga kwa sababu gari lilitembea mwendo mrefu upepo ukiwa mdogo. Ndiyo maana dereva mpya akiniuliza anunue tairi gani kwa Land Cruiser yake, simwoneshi meno kwanza. Namwambia alilaze tairi chini na asome ubavuni.

Lakini kabla ya kusoma ubavu, ijue njia yako. Chukua mzunguko wa hifadhi za kaskazini. Kutoka Arusha kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu ni lami mpaka Lodoare, lango la Ngorongoro. Ukivuka lango unaingia kwenye ukungu na utelezi wa ukingo wa kreta, kisha unateremka kuelekea Olduvai na Naabi, lango la Serengeti, kwenye changarawe iliyojikunja kama bati, yenye mawe ya ncha yanayochomoza kila greda likipita. Ndutu ardhi yake ni majivu ya kale ya volkano: kiangazi ni vumbi laini, mvua ikinyesha ni utelezi. Ukiendelea ndani ya Serengeti, hasa upande wa magharibi, unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa jua na kunata wakati wa masika. Na bosi akikutuma Ziwa Natron kupitia Engaruka, huko ni mawe ya volkano, makali kila upande.

Sasa hesabu saa unazokaa kwenye kila aina ya njia. Utaona muda mwingi unakwisha kwenye lami na changarawe, gari likiwa limejaa. Tope ni la majira. Vijana wengi wananunua tairi kwa ajili ya ile siku moja ya kuzama, halafu wanaliadhibu mwaka mzima kwenye barabara lisizozitaka.

Haya, tusome ubavu. Kwenye Land Cruiser za muundo wa 70 utakutana sana na 7.50R16, 235/85R16 na 265/70R16. Herufi R maana yake ni radiali, nyuzi zake zimelala kukatisha kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona 7.50-16, yenye mstari badala ya R, hilo ni tairi la zamani la nyuzi zilizopishana. Ubavu wake ni mgumu na lina watu wanaolipenda kwa mawe, lakini linapata joto haraka kwenye lami, na ukilipunguzia upepo halitandazi kashata vizuri chini. Kwa kazi ya abiria mimi nachagua radiali.

Angalia kama mbele ya namba za ukubwa kuna LT. Herufi hizo zinakuambia tairi limetengenezwa kwa magari ya mizigo mepesi. Kisha tafuta kipimo cha uzito, mfano 120/116Q. Namba 120 ina maana ya kilo 1,400 kwa tairi moja. 116 ni kilo 1,250, nayo inahusu gari lenye matairi pacha nyuma, kwa hiyo wewe soma ya kwanza. Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, na ndani ya hifadhi za taifa kikomo ni 50, basi herufi hiyo isikuumize kichwa. Kinachotakiwa kukuumiza kichwa ni uzito. Gari lililorefushwa lina abiria, mabegi, maji, friji, mafuta na spea mbili, na sehemu kubwa ya vyote hivyo imekaa nyuma. Ekseli ya nyuma ikibeba tani 2 na ushee, kila tairi la nyuma lina zaidi ya tani moja kabla hujaruka shimo hata moja. Tairi la 265/70R16 la kawaida, lisilo la LT, mara nyingi huandikwa 112, yaani kilo 1,120. Linaingia kwenye rimu, linapendeza, na bei yake ni nafuu. Kwa gari la familia linalokwenda kijijini mara moja moja linatosha kabisa. Chini ya gari la safari lililojaa halina akiba, nalo litakufa kwa joto.

Karibu na hapo utaona neno ply, yaani tabaka, na namba 6, 8 au 10. Usidhani ukilikata utahesabu tabaka kumi. Siku hizi namba hiyo ni kipimo cha nguvu tu. Hesabu halisi ya tabaka imechapwa kwa maandishi madogo, sehemu ya kashata peke yake na sehemu ya ubavu peke yake. Soma ya ubavu. Tairi lenye tabaka tatu ubavuni nitalilipia zaidi bila kusita, hata kama meno yake ni ya wastani, kwa sababu pancha ya kwenye kashata inazibika, wakati ubavu uliochanwa hauna tiba ya kuaminika. Fundi anaweza kushona na kubandika ufike Karatu. Usipakie wageni juu yake.

Kuhusu kashata zenyewe, maduka yanazigawa makundi matatu: HT za lami, AT za njia zote na MT za tope. HT ziache mjini. MT ni tairi zuri mahali pake. Mapengo yake mapana yanalitema tope kila tairi linapozunguka, na hiyo ndiyo siri yote ya udongo mweusi. Udongo ule ukijaza mapengo ya AT, tairi linakuwa kipara papo hapo, na hata ukikanyaga mafuta vipi linazunguka pale pale. Ila MT inavuma kwenye lami masikio yakachoka, meno yake makubwa yanamegeka kwenye mawe, na kwenye lami iliyolowa, kama ule mteremko wa kutoka juu kuingia Mto wa Mbu, breki zake zinahitaji nafasi ndefu zaidi. Gari linalokaa kambini upande wa magharibi wa Serengeti au Katavi wakati wa masika, lifungie MT. Linaloanza na kumaliza safari Arusha, lifungie AT nzito ya LT, kisha mfundishe dereva kusoma tope. Mara nyingi dereva anayeshuka na kukanyaga ardhi kwa mguu kabla ya kuingiza gari hapiti pale pabaya kabisa.

Upana nao una maneno mengi mitaani. Tairi jembamba kama la inchi 7.50 au milimita 235 linakata tope jepesi na kutafuta ardhi ngumu chini, na kwenye mawe ubavu wake hautokezi nje. Tairi pana linaelea vizuri kwenye mchanga. Kwa mzunguko wa kaskazini nasimama na jembamba. Wa Ruaha, mnaovuka mito ya mchanga, mna haki ya kunipinga.

Kitu kisicho na ubishi ni kimo. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi, la 265/70R16 ni 777. Usiyachanganye, moja mbele na jingine nyuma. Ukiingiza 4x4, mbele na nyuma vinalazimishwa kuzunguka sawa, na tofauti ile ikikosa pa kutokea inakwenda kukunja shafti na kula gia. Hata spea iwe kimo hicho hicho. Ukibadilisha ukubwa wa matairi yote, kumbuka na saa ya mwendo: ukifunga makubwa kuliko ya awali, unakimbia zaidi ya inavyokuonesha.

Magari mengi ya kazi bado yana tyubu na rimu za pete, ile ya chuma inayofunguka na ndiyo inayolishika tairi kwenye rimu. Faida yake ni kwamba fundi pancha wa kijiji chochote atalifungua kwa vyuma vyake. Hatari yake ni ile pete. Isipokaa sawa wakati wa kujaza upepo inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Toa upepo wote kabla ya kufungua, fungia mnyororo kwenye rimu kabla ya kujaza, na usisimame wala kuinama mbele yake. Hapo nakuomba, mdogo wangu, usikubali kuharakishwa na mgeni wala na bosi.

Soma pia tarehe. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni ni wiki na mwaka: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa juani dukani linakauka hata kama halijagusa barabara. La miaka zaidi ya mitano mimi silinunui kwa gari la abiria, na la mtumba silinunui kabisa, maana ubavu wake una historia ambayo muuzaji hawezi kukueleza.

Ukishanunua vizuri, kinachobaki ni upepo, na hapa ndipo matairi mazuri yanauawa. Nunua geji yako mwenyewe na kompresa ndogo. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Gari lililojaa kwenye lami, nyuma nitaweka PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 45 hadi 50, mbele pungufu kidogo. Kwenye changarawe iliyojikunja nashusha kama robo na kupunguza mwendo: tairi linalainika, linapanda juu ya jiwe badala ya kugongana nalo, na shokamzoba zinapumua. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 20 au chini kidogo, tembea taratibu, usikate kona kwa ghafla. Kwenye mawe ya Natron usishushe sana, kwa sababu ubavu ukitanuka nje ndio unakutana na ncha. Lipandishe jiwe katikati ya kashata, usijaribu kulikwepa likakukwangua ubavu.

Kisha jaza tena kabla ya lami. Tairi lenye upepo wa mchangani likikimbia kwa 80 linakunjika na kukunjuka bila kupumzika, ubavu unachemka kwa ndani, na linapasuka huko mbele ambako dereva atalaumu jiwe. Ukipima mchana ukakuta PSI imepanda nne au tano kuliko asubuhi, hiyo ni kawaida, usiitoe. Ikipanda sana kuliko hapo, asubuhi ulikuwa nayo kidogo au umepakia kupita kiasi.

Kuhusu spea, beba mbili. Kabla ya kuondoka Arusha zishushe zote, zipime upepo na uangalie tarehe zake pia, kwa sababu spea huzeeka ikiwa bado mpya. Hakikisha Tanganyika jeki, ile jeki ndefu ya kuinua gari, inapanda na kushuka, beba ubao wa kuiwekea chini kwa ajili ya udongo laini, na jaribu spana kwenye nati za gari hilo hilo unaloondoka nalo, mbele na nyuma.