Anza na mizani: ushauri kwa wanaoingia katika utengenezaji wa sabuni

Wengi wanaokuja kujifunza kutengeneza sabuni huuliza kwanza kuhusu marashi na rangi, kisha kuhusu umbo la kipande na karatasi ya kukifungia, na soda kali, inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huikumbuka mwishoni kabisa. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe. Harufu humvuta mteja mara ya kwanza, lakini kinachomrudisha ni hali ya ngozi yake baada ya kuoga, na hali hiyo huamuliwa na uwiano wa mafuta na soda uliopimwa kwa gramu kabla ya jambo jingine lolote kufanyika.

Sabuni ya kipande si mafuta yaliyotiwa dawa ya kutoa povu. Mafuta yanapokutana na soda kali, ambayo madukani huitwa kostiki soda, hugawanyika: asidi zilizomo ndani yake huungana na soda na kuwa sabuni, na glisirini, kimiminika kizito kinacholainisha ngozi, hutoka pamoja nayo. Sabuni ilitengenezwa kwa karne nyingi kabla ya jambo hili kueleweka vizuri, na aliyelifafanua ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye kitabu chake kuhusu mafuta kilitoka mwaka 1823. Ukielewa hivyo, utaelewa pia kwamba sabuni iliyopimwa sawasawa na kukomaa haibaki na soda huru, yaani isiyoungana na mafuta, ndani yake. Anayedai kuwa ametengeneza sabuni ya kipande bila soda kabisa, mara nyingi ameyeyusha tu sabuni ambayo mwingine alikwisha kuitengeneza.

Kila aina ya mafuta hudai kiasi chake cha soda. Gramu 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki soda, mawese huhitaji 0.141, na mafuta ya alizeti karibu 0.135. Tuseme unataka kutumia gramu 500 za mawese, 300 za nazi na 200 za alizeti. Mawese yatadai gramu 70.5, nazi 54.9 na alizeti 27, jumla gramu 152.4. Kiasi hicho kingegeuza mafuta yote kuwa sabuni bila kubakiza hata tone, na kwa sabuni ya kuogea hilo silishauri, kwa sababu mafuta hutofautiana kidogo kutoka shehena moja hadi nyingine na kosa dogo tu lingeacha soda ikiwasha ngozi ya mtu. Punguza asilimia 5, upate karibu gramu 145. Kwa sabuni ya kufulia, kupunguza asilimia 1 au 2 kunatosha. Maji yawe mara mbili ya uzito wa soda, yaani gramu 290.

Hesabu hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo sababu ninasisitiza mizani inayosoma hadi gramu 1 au chini yake. Kikombe hakifai, kwa kuwa soda ya vipande bapa na soda ya chembechembe hazijazi kikombe kwa uzito uleule. Vilevile, ukibadilisha mafuta kwa sababu aina uliyoizoea imeadimika, usihamishe vipimo vya zamani. Piga hesabu upya. Uchaguzi wa mafuta wenyewe una mantiki yake: nazi huleta ugumu na povu jingi, lakini ikizidi hukausha ngozi, nami hupendelea isivuke asilimia 30 katika sabuni ya kuogea, mawese hufanya kipande kidumu bafuni, alizeti hulainisha, ila ikiwa nyingi mno kipande hubaki laini na baadaye huota madoa ya kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha.

Sasa usalama, ambao sitaupitia haraka. Vaa miwani ya kinga, glavu na nguo ya mikono mirefu kabla ya kufungua chombo cha soda, wala si baada ya kuimimina. Tia soda ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimimine kamwe maji juu ya soda, kwa maana joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kuruka usoni. Hata ukifuata utaratibu sahihi, maji hayo yanaweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi na kutoa mvuke unaokera koo, kwa hiyo fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha na usiinamie chombo. Sufuria za alumini ziweke mbali, kwani soda huzila na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nene inayohimili joto. Soda ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, na ikiingia jichoni, osha hivyohivyo kisha nenda hospitali bila kuchelewa. Usipake siki juu ya ngozi iliyoungua. Soda inayobaki ihifadhiwe katika chombo kilichofungwa barabara na kuandikwa jina, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewani na kupungua nguvu, na isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji wala mahali ambapo mtoto anaweza kufika.

Maji ya soda na mafuta yakishuka hadi kati ya nyuzi 40 na 45, changanya na ukoroge mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi, kiasi kwamba tone likidondoka juu yake linaacha alama kwa muda. Hapo ndipo marashi huingia, kwa kawaida yasizidi asilimia 3 ya uzito wa mafuta. Yajaribu kwanza katika kiasi kidogo, kwa sababu baadhi ya marashi hugandisha mchanganyiko ghafla kabla hujaumimina, na rangi za vyakula mara nyingi hubadilika zinapokutana na soda. Baada ya siku moja au mbili unaweza kukata.

Kukata si kumaliza. Vipande vipangwe kwa nafasi, kivulini, penye hewa, kwa wiki 4 hadi 6. Katika muda huo maji hutoka, kipande hukaza, na mara nyingi sehemu ya kumi ya uzito au zaidi hupotea. Sabuni iliyouzwa mapema huyeyuka upesi mikononi, na mteja hatajua kwamba tatizo lilikuwa haraka ya muuzaji. Atasema tu kwamba sabuni yako ni mbaya. Kabla ya kuuza, lowesha kipande na ukipime kwa karatasi ya pH, ambayo rangi yake huonyesha ukali wa sabuni kwa namba. Kusoma 9 hadi 10 ni kawaida ya sabuni; kikifika 11 au zaidi, kisiguse ngozi ya mtu.

Sabuni ya maji inayouzwa kwa wingi kwa ajili ya vyombo na sakafu ni somo tofauti. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa viosheo vya viwandani na kukazwa kwa chumvi, na wanaoanza huzidisha chumvi wakidhani itazidi kuwa nzito, kumbe ikipita kiwango chake hurudi kuwa nyepesi.

Katika kuuza, andika kwenye lebo uzito wa kipande kilichokwisha kukauka, mafuta yote yaliyotumika, marashi, tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo, ili ngozi ya mtu ikikataa ujue ni mchanganyiko upi. Usidai kwamba sabuni inatibu chunusi au magonjwa ya ngozi, kwa sababu dai la tiba linahitaji ushahidi ambao mtengenezaji mdogo hana. Waeleze pia wateja wenye maji magumu kwamba kalsiamu na magnesiamu zilizomo hukamata sabuni na kuacha utando mweupe, ili wasiongeze sabuni bila faida. Bei nayo ipangwe kwa kuhesabu vipande vilivyokauka na kufaa kuuzwa, pamoja na gharama ya mabaki yaliyokatwa, vifungashio, nishati na wiki zote ambazo mtaji ulikaa rafuni ukisubiri.