G6PD "kawaida" baada ya mtoto kuishiwa damu

SWALI: Mwanangu wa kiume wa miaka 6 alipewa nitrofurantoini kwa ajili ya U.T.I. Mkojo ukawa mweusi, macho yakawa manjano, akalazwa na kuongezewa damu. Kabla hajaruhusiwa walimpima G6PD, majibu yakasema "kawaida". Naweza kumpa dawa hiyo tena? – Mama, Tanga

JIBU: Usimpe, mama. Majibu hayo hayathibitishi kitu, na karatasi za namna hii zinanifikia kila mara.

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu zisipasuke, na tunachopima ni kasi yake ya kufanya kazi. Tunapasua seli, tunaweka glukosi-6-fosfeti na NADP, vitu ambavyo kimeng'enya hiki huvifanyia kazi, kisha mashine inafuatilia kwenye mwanga wa nanomita 340 jinsi NADPH, zao la kazi hiyo, inavyoongezeka. Kasi hiyo tunaigawanya kwa himoglobini. Mashine haijui seli ni za nani wala zina umri gani.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Seli nyekundu haina kiini, haitengenezi kimeng'enya kipya. Inaishi siku 120 hivi kwa akiba iliyotoka nayo kwenye uboho. Kwa wenye aina ya upungufu wa G6PD iitwayo A-, iliyoenea Afrika, akiba hiyo huchakaa upesi. Dawa ikiingia, seli kongwe ndizo zinazopasuka. Zinazosalia, pamoja na changa zinazomiminwa na uboho kufidia, bado zina kimeng'enya cha kutosha. Na mwanao aliongezewa damu: sehemu ya kilichopimwa ni cha mchangiaji.

Arudie baada ya miezi 3, kwa kipimo kinachotoa namba kwa gramu ya himoglobini, na retikulosaiti (seli nyekundu changa) zihesabiwe siku hiyohiyo. Hadi hapo mhesabuni kuwa ana upungufu. Jina la dawa liandikwe kwenye kadi yake. Kaka na wadogo zake wa kiume uliowazaa wewe wapimwe pia, kwani jeni hii mtoto wa kiume huipata kwa mama.

Kinachoniudhi ni mpimaji kuandika "kawaida" bila kuuliza mgonjwa aliongezewa damu lini. Ni kosa hilohilo wanalolivuna wauza virutubisho "vya kupandisha G6PD". Hakuna kirutubisho kinachorekebisha jeni. Wanakuuzia chupa mtoto akiwa ametoka tu kuugua, kisha wanakwambia ukampime. Namba inatoka nzuri kweli, kwa sababu seli kongwe zimekwisha kufa, na mzazi anarudi nyumbani kumpa mtoto dawa ileile akiamini amepona.