Tanki la mimea hapa Mombasa: anza na taa, dawa baadaye

Nyinyi mnaoanza saa hii naona mna haraka sana, tanki halijamaliza wiki 3 na mtu ashaanza kuulizia dawa ya kuua mwani, ule uchafu unaoota kwenye kioo na majani. Ngoja kwanza yakhe. Mie nina tanki la mimea, yaani la kioo lenye samaki na mimea ya majini, nyumbani Majengo mwaka wa 6 huu, la futi 2 tu, lita kama 60 hivi, na mwani wa kila sampuli ushapita humo ndani, wa kijani, wa kahawia, ule mweusi wa ndevu, ule unaonuka, na karibu kila mara nikifuatilia chanzo nakuta ni mimi mwenyewe nlofanya. (Na nikisema mwani simaanishi ule wanaoanika kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wauze, wetu huu hauna mnunuzi.)

Kitu kilonichelewesha zaidi ni hiki, ushauri mwingi mnaousoma na zile video mnazoangalia zimetoka kwa watu wa nchi za baridi. Watakwambia nunua hita, washa taa masaa 8 hadi 10, weka tanki sebuleni lipate mwangaza. Sasa huku kwetu maji yakikaa ndani ya nyumba tu ni digrii 28, mwezi wa 2 na wa 3 yafika 31, hita ya nini? Na joto linafanya kila kitu kiende mbio, chakula kinachobaki chaoza upesi, mwani wazaana upesi, alafu maji ya moto hayabebi hewa nyingi. Maji ya digrii 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika digrii 30 ni kama 7.5 tu, na kaboni dayoksaidi nayo ni hivo hivo yapungua, na hiyo ndio chakula cha mmea. Taa ichukulie kama moto wa jiko, ukiukoleza na sufuria haina kitu utaunguza sufuria. Mmea uliopigwa taa kali na hewa hiyo haupati unasimama, haukui, majani ya zamani yanaanza kuchoka, na mwani ambao hauhitaji vingi unakuja kukaa juu yake.

Kwa hivyo masaa 6. Usianze na zaidi ya hapo, na kama taa yako ni ile kubwa ya kumulika uwanja (fladilaiti) ya hadwea inayowaka mpaka jirani aona, iinue juu au ifunike nusu. Mimea ikishaanza kutoa majani mapya kila wiki ndo uongeze nusu saa, ukae wiki 2 uangalie. Mie mwenyewe sijawahi kupita 7.

Tanki langu la kwanza nililiweka mkabala na dirisha la magharibi, manake fundi wa vioo alipolileta pale ndo palikua na meza. Jua la saa kumi lilikua lapiga kioo moja kwa moja. Siku ya 9 au ya 10 hivi maji yakaanza kua na rangi kama yalochemshiwa mchicha, mara huoni samaki kabisa, waona kivuli tu kikipita. Nikabadilisha maji yote. Baada ya siku 2 kijani tena. Nikabadilisha yote tena. Wiki moja mara 3, na samaki 4 wadogo aina ya gapi wakafa, si kwa mwani, walikufa kwa sababu yangu, maji ya mfereji yana klorini na mie nlikua namimina hivo hivo kutoka kwa ndoo. Ule mwani wa maji ya kijani ni vijimea vya chembe moja moja vinaelea, ukibakisha kidogo tu kesho vishajaa tena, na hayo maji mapya unayoleta ni chakula chengine.

Kilichouondoa ni giza. Nilihamisha tanki kwanza (toa maji karibu yote, usijaribu kubeba tanki lenye maji, lita 60 ni kilo 60 na kioo juu yake), nikazima taa, nikalifunika na blanketi zito siku 4 bila kuchungulia. Leso haitoshi, mwangaza wapita. Hapo kuna jambo moja wengi hawaambiwi, ndani ya giza mimea haitoi oksijeni, inavuta, na mwani unaokufa pia unakula oksijeni, kwa joto letu hili samaki wanaweza kufa wote usiku mmoja, kwa hivyo pampu ya hewa iwe yapiga mapovu muda wote. Siku ya 5 nikafunua, maji meupe unasoma gazeti upande wa pili. Nikatoa nusu ya maji siku hiyo hiyo ili ule uozo usibaki.

Alafu kuna ile saa inayowasha na kuzima taa yenyewe (taima), ile ya kuzungusha yenye vipini pembeni. Nilinunua nikaiseti saa tisa mchana hadi saa tatu usiku, nikajua nimemaliza. Baada ya miezi 2 nikaanza kupata mwani wa nyuzi, mrefu kama nywele, wauzungusha kwa mswaki wa zamani watoka kama uzi wa kushonea. Nikapunguza chakula, nikapunguza mbolea, wapi. Mpaka mamangu siku moja ananiuliza kwenye chai, "Hii taa ya samaki wako kwani yawakaga usiku? Naamka kusali tahajudi naikuta yawaka." Kumbe ile saa yaendeshwa na stima yenyewe, stima ikipotea masaa 3 nayo yasimama masaa 3, ikirudi yaendelea pale ilipoachia. Stima imepotea hapa na pale, saa imechelewa kidogo kidogo, mpaka taa yangu ikawa yawaka kutoka saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na mchana kutwa chumba kina mwangaza wa jua. Tanki lilikua lapata mwangaza karibu masaa 18 kwa siku na mie nilala zangu. Nunua ile ya dijitali yenye betri ndani, au kama ni ya kuzungusha iangalie kila Ijumaa ukitoka msikitini, yaani chagua siku tu isiokupita.

Maji sasa. Huku kisiwani ukisema maji yabidi useme ya wapi. Ya mfereji yakija jaza ndoo, uyaache wazi siku moja au 2 klorini itoke, ukiwa na dawa ya kuondoa klorini ni bora zaidi. Ya visima vingi vya mjini yana chumvi, mimea haitaki, na yule wa mkokoteni anakuuzia mtungi wa lita 20 akikuapia ni maji matamu. Mie natumia sabuni, chukua kidogo kwa bakuli usugue kipande cha sabuni ya mche, povu likigoma kutoka hayo rudisha au oshea miguu. Na kwa sababu ya joto na feni maji yanapungua kwa tanki, kila siku kidole kidogo, yanayopanda ni maji tu lakini chumvi na chokaa zabaki chini, kwa hivyo ukijazia na maji magumu kila siku baada ya miezi una tanki la chokaa. Mie mwezi wa 4 na wa 5 mvua ikishika nakinga kwenye mabati, naacha mvua ya kwanza ioshe paa kwanza, nasaza mitungi 5 au 6 ya kujazia tu.

Mchanga usichote ufuoni! Najua ni bure na ni mweupe unapendeza. Ule ni matumbawe yalosagika, ni chokaa, unaendelea kuyeyuka na kufanya maji yawe magumu. Uweke kijiko kimoja kwa kisahani umwagie siki, ukiona unachemka na kutoa povu ujue. Chukua wa mto, uoshe mpaka maji yatoke safi, na hapa sichezi, ndoo 10 za kuosha ni kawaida.

Mwani wa kahawia wa wiki za mwanzo, ule ukipitisha kidole unatoka kama vumbi, usiushughulikie. Huo hua unakuja na tanki jipya na unaondoka wenyewe. Yale madoadoa magumu ya kijani kwenye kioo yakwangue na kadi ya benki ilokwisha muda, na mara nyingi ni dalili fosfeti (moja ya vitu vya mbolea) iko chini, sio juu. Hapo ndo watu wanashangaa, mbolea kupungua pia kwaleta mwani. Kinachowasha moto hasa ni amonia inayotoka kwenye uozo na kinyesi, yaani chakula kingi, samaki wengi, samaki alokufa nyuma ya jiwe hujamuona, au mtu aloweka samadi chini ya mchanga kwa sababu shambani yafanya kazi.

Ule unaonuka nao, wa kijani cha bluu, unatandaza juu ya mchanga na majani kama malai ya maziwa yalochemshwa, ukiushika wanyanyuka kipande kizima. Huo kusema kweli si mwani, ni bakteria. Uvute na mpira wa kunyonya maji, giza siku 3, ongeza mzunguko wa maji pale unapopenda kukaa. Kuna wanaotia vidonge vya antibayotiki, mie sijatia na siwashauri, vinaua na bakteria wazuri wanaokaa kwenye filta na kusafisha maji.

Mweusi wa ndevu ndo ulonitoa jasho. Ukikaa kwenye ncha za majani ya anubiasi (mmea wa majani magumu) huutoi kwa kusugua. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa yaua, unazima filta, unavuta kwa sindano unamwagia polepole juu ya ndevu zenyewe, unasubiri dakika 10 unawasha. Kipimo changu ni mililita 1 ya asilimia 3 kwa kila lita 4 za tanki, isizidi. Sasa mie siku ya kwanza sikusoma chupa vizuri. Ilokua imeandikwa volyumu 10 ndo asilimia 3, mie nlipewa ya volyumu 20 ambayo ni asilimia 6, na kwa uroho nikatia mililita 30. Hesabu mwenyewe. Samaki wakapanda juu wote wanahema, nikatoa nusu ya maji mbio mbio, wawili hawakuiona asubuhi. Mwani wenyewe baada ya siku 3 uligeuka waridi kama maji ya bitruti, alafu mweupe, ukaliwa. Lakini ulirudi mwezi uliofuata, kwa sababu nlikua natumia ile chupa ya sukari na hamira kupata kaboni dayoksaidi, na kwa joto letu hamira yafanya kazi kama wendawazimu siku 4 alafu yalala, leo nyingi kesho hakuna, na ndevu zapenda kuyumbayumba huko. Nilipoiacha kabisa na kupunguza taa ndo zikaisha. Kaboni dayoksaidi kidogo isiobadilika ni bora kuliko nyingi ya siku 4.

Mimea weka mingi siku ya kwanza, hili wengi mnalifanya kinyume, mnanunua vishina 3 mkisubiri vijae. Jaza hata ya rahisi rahisi, honwoti, valisneria, haigrofila, na ile ya kuelea kama vikabichi iwafunikie wengine jua. Ikizidi kaushe utupe kwa taka, usimwage mtoni wala mtaroni, ile huziba mito.

Na konokono msiende kuokota kwenye madimbwi wala mito ati watakula mwani. Konokono wa maji matamu ndo hubeba vijidudu vya kichocho na ugonjwa huo upo hapa Pwani, na wewe kila wiki mkono wako uko ndani ya hilo tanki mpaka kiwiko. Yule samaki mnamwita saka, anayenyonya kioo, naye akiwa mdogo anasafisha vizuri, akikua anapita sentimita 30, anang'oa mimea na kinyesi chake chashinda mwani alokua akila.

Jumamosi yangu ni hivi, nusu saa tu: natoa ndoo mbili za maji, sponji ya filta naifinya ndani ya hayo hayo maji nlotoa (ukiiosha mferejini klorini yaua wale bakteria wazuri), nakata majani mabovu, nasugua kioo cha mbele, narudisha maji. Kioo cha nyuma sikigusi, kimeota kijani kama zulia mwaka wa 3 huu na gapi wanashinda hapo kutwa wakidonoa.