Kujifunza kuishi porini: anzia kwenye ming'oko

Ndugu uliyeuliza kama ununue vifaa kisha ukalale peke yako msitu wa Rondo, kule Lindi: bado. Rondo ni hifadhi, utahitaji kibali. Halafu walimu unao hapo hapo kijijini. Kiangazi hiki omba kufuatana na akina mama wanaochimba ming'oko, vile viazi vya porini vinavyoliwa. Watakuonyesha namna ya kuutambua mmea wake unaotambaa hata majani yakiwa yamekauka, kuchimba bila kuua shina, na kufukia shimo ili mwakani uote tena. La muhimu zaidi, watakuonyesha usichopaswa kula. Ndiga nayo ni kiazi cha porini, lakini ina sumu. Wanaoila huikata vipande na kuiloweka majini kwa siku kadhaa. Usijaribu kwa kusoma tu, tafadhali sana.

Kuhusu maji: juu ya uwanda wa Makonde, kule Mtwara, udongo ni kichanga na mvua huzama chini kabisa. Chemchemi zinatokea chini, kwenye miteremko na mabondeni. Ukipotelea juu huko, usihangaike kuchimba, teremka. Ukiyapata, yachemshe.

Moto wa kupekecha jifunzie nyumbani, uani palipofagiliwa. Miezi ya kiangazi cheche moja inatosha kuteketeza mikorosho ya watu.

Na nyoka akikuuma usichanje wala usifunge kamba. Tuliza kiungo, uwahishwe hospitali. Ndiyo maana nasema usiende peke yako.